Mkejina Ndani ya Ngoma

Paukwa!

Pakawa!

Waliokaa wamekaa?

Tumekaa!

Na wanaosukumana?

Wametulia!

Tulieni kweli, maana hadithi hii haina huruma, na mimi sina nia ya kuitia.

Hapo zamani ambazo bado hazijafika, watu walihamia Mwezini. Huko hakuna hewa wala mvua. Kuna vumbi tu, jembamba lenye makali, likiingia kifuani halitoki. Basi watu wakajenga makuba ya kioo wakaishi ndani. Aliyetoka nje alivaa kofia ya kioo, akabeba mtungi wa hewa mgongoni, na kuzungumza na wenzake kwa redio ya ndani ya kofia.

Walikuwa na desturi yao. Mgeni akifika, kabla hajapewa hata maji, mzigo wake unawekwa mlangoni upanguswe vumbi, na mtungi wake unajazwa hewa. Lakini huulizi kabeba nini. Kuuliza ilikuwa aibu kubwa.

Katika kuba moja aliishi Bi Mwanamize, mpangusaji wa mlangoni. Alikuwa na binti mmoja tu, Mkejina, miaka kumi na sita. Kila nyumba ilikuwa na mapigo yake ya brashi. Yao yalikuwa hivi: mara tatu chini, mara moja kuzunguka. Mkejina aliyajua tangu hajang'oa meno ya utoto.

Siku moja Mkejina alitoka na rafiki zake wawili kwenda kuchimba barafu kwenye shimo lisilofikiwa na jua. Wakachimba, wakajaza magunia, wakaanza kurudi. Njiani Mkejina akapapasa kiunoni.

"Jamani, brashi yangu! Nimeiacha juu ya jiwe. Nisindikizeni."

"Tumechoka," wakasema.

"Nisindikizeni, mitungi yetu bado nusu."

"Tumechoka."

"Nisindikizeni, brashi ile nimepewa na mama."

"Si tumekwambia tumechoka!"

Basi akarudi peke yake.

Juu ya lile jiwe alikuta zimwi limekaa. Nusu chuma, nusu nyama: mikono ya chuma, magoti ya chuma, mapafu ya nyama. Kichwani lina kofia ya kioo, mgongoni lina mtungi mkubwa wenye koki, pembeni lina ngoma ya chuma, na brashi ya Mkejina linayo mkononi.

"Shikamoo," akasema Mkejina kwa redio. Alikuwa mtoto wa adabu, hata kwa mazimwi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii yako?"

"Yangu."

"Sogea uichukue."

Akasogea. Zimwi likamdaka, likamtia ndani ya ngoma, likafunga kifuniko, likachomeka bomba jembamba la hewa toka mtungi wake.

"Nikigonga mara tatu, imba," likasema. "Usipoimba, nafunga hewa."

Na wale rafiki? Waliona haya kusema walimwacha. Wakamwambia Bi Mwanamize, "Mkejina katumbukia shimoni, halina mwisho, hata msihangaike kumtafuta." Mama akalia hadi sauti ikakauka. Kuba zima likakaa matanga. Nawachukia wale watoto mpaka leo.

Zimwi likaenda kwenye kuba la kwanza. Wakalijazia mtungi, wakalilisha, wakaliomba ngoma. Likagonga: ndu, ndu, ndu! Mkejina akaimba:

*Nilirudi peke yangu, mama,*
*nilirudi peke yangu,*
*nimo gizani, njoo unifungulie.*

Watu wakapiga makofi. "Ngoma inayoimba! Tena!"

Likaenda kuba la pili. Ndu, ndu, ndu!

*Nilirudi peke yangu, mama,*
*nilirudi peke yangu,*
*nimo gizani, njoo unifungulie.*

Wakapiga makofi tena. Mtoto analia waziwazi, anamwita mama yake, na watu wazima wenye masikio mawili wanapiga makofi! Kwa kuwa kuuliza ni aibu. Hasira zinanipanda hata sasa.

Siku ya thelathini zimwi likafika kuba la tatu. Halikujua ni la kina Mkejina. Kwa zimwi makuba yote ni sahani za chakula. Likaweka ngoma na mtungi mlangoni, likaingia kula.

Bi Mwanamize akaja na brashi yake, macho yamevimba. Akaanza kupangusa ile ngoma kwa mazoea tu. Mara tatu chini, mara moja kuzunguka.

Ndani kukasikika kitu kinakwaruza. Mara tatu chini, mara moja kuzunguka.

Mama akasita. Akapangusa tena. Pakajibiwa tena. Akapangusa mara ya tatu, na mara ya tatu pakajibiwa. Akang'oa kifuniko, na humo akamkuta mwanawe, amekonda, kucha zimekatika.

"Mwanangu! Mwanangu!" Akamziba mdomo, akamkumbatia. "Nyamaza. Nitakuficha. Liache liende zake, mimi nimeshakupata, yatosha."

"Haitoshi, mama," Mkejina akasema. "Limenigonga siku thelathini."

Bi Mwanamize akamtazama zile kucha. Akafikiri kidogo tu. "Kweli," akasema. "Haitoshi."

Pale mlangoni palikuwa na pipa la vumbi, vumbi la wageni wa miaka na miaka. Wakalimimina lote ndani ya ngoma. Wakafunga kifuniko, wakapachika pampu penye tundu la bomba, wakasukuma hewa mpaka kifuniko kikavimba, kisha wakarudisha bomba mahali pake. Mtungi wa zimwi wakaujaza vizuri kabisa, kama desturi inavyotaka, na Mkejina akajificha nyuma ya pipa.

Zimwi likatoka linajilamba. "Mwenye nyumba, nimeshiba. Niwapigie ngoma?"

"Ahsante, mgeni wetu," akasema Bi Mwanamize. "Ila hapa kuna msiba. Binti yangu alikufa, na arobaini haijatimia. Ngoma hazipigwi."

"Poleni sana," likasema zimwi. Mnasikia? Poleni sana, likasema! Likabeba ngoma yake, likaondoka. Nyuma yake, mbali kidogo, Mkejina akafuata nyayo.

Lilipofika pangoni kwake likatamani wimbo. Likagonga: ndu, ndu, ndu. Kimya. Likagonga tena. Kimya. Likagonga mara ya tatu.

"Mkaidi wee! Leo nakutoa nikutafune."

Likainama, likafungua kifuniko. Vumbi likalipuka lote usoni, likajaa viwikoni, likajaa magotini, likasaga vile vyuma vikakwama. Zimwi likabaki limeinama vilevile, haliwezi kugeuka wala kuinua kidole.

Ndipo likasikia mkono umeshika koki ya mtungi wake.

"Nani?" likauliza kwa redio.

"Mkejina. Imba."

"Mjukuu wangu, mimi sijui kuim—"

Mkejina akazungusha koki kidogo. Zimwi likakohoa.

"Imba."

Likaimba, kwa sauti ya bati linaloburutwa. *Niko peke yangu, mjukuu, niko peke yangu, nifungulie.*

"Tena."

Likaimba tena.

"Tena."

Likaimba mara ya tatu, linalia machozi. "Nimeimba! Nimeimba mara zote tatu! Sasa niachie hewa!"

"Mimi niliimba vizuri kuliko wewe," akasema Mkejina, "na hukunifungulia."

Akafunga koki. Akasubiri mpaka redio ikanyamaza. Kisha akachukua brashi yake kiunoni mwa zimwi, akaipangusa, akaichomeka mahali pake.

Mnadhani yamekwisha? Bado. Aliibeba ile ngoma tupu mpaka nyumbani, akawaita wale rafiki wawili mbele ya watu wote.

"Ingia," akamwambia wa kwanza.

"Mkejina, tusamehe, tulikuwa tumechoka."

"Pumzika basi. Ingia."

Akafunga kifuniko, akamwachia hewa ya bomba jembamba, akaimba wimbo wake wote toka mwanzo hadi mwisho, polepole. Kisha akamfungulia, akamtia wa pili. Halafu akaenda kuba la pili, na kuba la kwanza. Kila aliyepiga makofi aliingia, awe mzee, awe mkuu wa kuba. Wimbo mmoja kila mtu, mle gizani, vidole vikipapasa mikwaruzo ya kucha ukutani: mara tatu chini, mara moja kuzunguka. Hakuna aliyetoka mle akamtazama Mkejina usoni.

Toka siku hiyo mgeni akifika Mwezini anakaribishwa, anapanguswa, anajaziwa mtungi, na anaulizwa: "Umebeba nini?" Asiyetaka kujibu halali humo.

Basi, wajukuu zangu, mkisikia mtu analia ndani ya mzigo wa mgeni, msipige makofi. Ulizeni, hata kama mtaonekana hamna adabu. Na rafiki akiwaomba mumsindikize, amkeni mwende.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Nimeipangusa vumbi, nimeiweka chini, imeishia hapo.