Fisi Alivyojifanya Mtani wa Nguchiro

Paukwa!

— Pakawa.

Mbona mnaitika kama mliolazimishwa? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nani?

— Na mwongo, na mwongo ni wewe!

Haya, mmenitukana vizuri, sasa naweza kuanza.

Hapo kale Nguchiro aliishi kando ya kichuguu na mkewe na watoto wao wachanga. Mali yao ilikuwa jogoo, chungu, mkeka na mbuzi mmoja wa maziwa. We mjukuu wangu Kilango, funga mdomo. Najua nguchiro hula kuku. Katika ngano hii huyu hali kuku.

Jirani yao alikuwa Nungunungu. Yeye na Nguchiro walikuwa watani. Babu zao walikipigania kichuguu kile mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane tu, wajukuu wasije wakauana. Basi kila asubuhi Nungunungu alikuja, miiba cha-cha-cha, akasimama mlangoni.

"We Nguchiro, bado uko hai? Mkeka wako nimeshaahidi watu."

"Nikifa utamwibia nani? Ingia, kichwa ufagio."

Nungunungu akaingia, akafunua chungu, akala kumbikumbi wote, akaondoka bila hata asante. Nguchiro akacheka. Kesho yake Nguchiro akaenda kwa Nungunungu, akang'oa mihogo yake, akaondoka nayo akiimba. Nungunungu akacheka. Na siku mke wa Nguchiro aliposhikwa na uchungu, aliyekimbia kwenye mvua kumwita mkunga alikuwa Nungunungu huyohuyo, akitukana njia nzima.

Fisi alikuwa na mazoea ya kupita pale. Habari ya mkunga hakuiona. Alichokiona ni chungu. Akasema moyoni, "Kumbe ukimtukana mtu kwanza, chakula chake unakula bure."

Asubuhi Fisi huyo mlangoni.

"We Nguchiro, mkia wako mbaya." Akambeba jogoo.

"Jogoo wangu huyo," Nguchiro akasema.

"Natania tu, mtani. Au umekasirika?"

Sheria ya utani inajulikana: anayekasirika ndiye mwenye kosa, na faini analipa yeye. Tena Fisi ana meno.

"Sijakasirika."

Fisi akarudi. "We Nguchiro, miguu yako mifupi." Akabeba chungu. "Natania tu, mtani. Umekasirika?"

"Sijakasirika."

Fisi akarudi tena. "We Nguchiro, mama yako mfupi." Akakunja mkeka, akautia kwapani. "Natania tu, mtani. Umekasirika?"

"Sijakasirika," Nguchiro akasema, akaketi kwenye udongo mtupu.

Fisi akamtazama mbuzi, akajilamba. "Kesho nitatania na huyu."

Alipoondoka, mke wa Nguchiro akalia. "Mimi maziwa yamenikauka. Mbuzi huyu akienda, watoto watakunywa nini? Watatufia hawa."

Nguchiro akakimbia kwa Nungunungu. Akafika, akaketi, akanyamaza. Nungunungu akaingiwa na hofu.

"Leo hujanitukana. Nani kafa?"

"Mimi," Nguchiro akasema. "Nataka nife kesho asubuhi." Akamweleza yote.

Nungunungu akakuna kichwa. "Nikuvishe sanda, nichimbe kaburi, halafu Fisi tumwite msibani? Fisi na maiti?"

"Ndiyo. Utakaa karibu yangu na miiba yako."

"Na unaamini sitakufukia wewe?"

"Siamini. Lakini sina mtani mwingine."

Asubuhi Nungunungu akachimba, kwaru, kwaru, kwaru. Nguchiro akalazwa jenezani, fundo la sanda likaachwa legelege. Mkewe akapiga yowe, na wanyama wote wakakusanyika.

Fisi kusikia msiba, akaja mbio akilia kuliko wafiwa.

"Uuuwi, mtani wangu! Uuuwi, kipenzi changu!" Machozi hakuna, mate yanachuruzika. Akainamia jeneza, akanusa, fwi, fwi. Ndani ya sanda Nguchiro alisikia pumzi ya Fisi puani pake, akajuta kuzaliwa.

Cha-cha-cha. Miiba ya Nungunungu ikasimama kati ya pua na sanda.

"Mtani halii jenezani kama mama mkwe," Nungunungu akasema. "Kazi ya mtani iko kaburini. Anaingia, analala, anagoma kutoka mpaka wafiwa wampe anachotaka. Wewe mtani gani hujui hilo?"

"Nalijua sana," Fisi akasema. Hakulijua. Akaruka ndani, tii, akalala chali. "Sitoki mpaka nipewe mbuzi wa maziwa."

"Mbuzi hatoki," mjane akasema.

"Basi na mimi sitoki."

"Basi usitoke," Nungunungu akasema, akaanza kufukia. Pu, pu, pu.

Fisi akacheka. "He he he. Nini sasa hiki?"

"Tunatania tu, mtani. Umekasirika?"

"Sijakasirika."

Pu, pu, pu. Miguu ikapotea.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Mleteni mbuzi."

Pu, pu, pu. Tumbo likapotea. Fisi akadhani wafiwa watachoka kabla yake, maana tamaa ikikaa kichwani, akili huhama. Alipokuja kutaka kuinuka, udongo ulikuwa umeshamkandamiza kifua.

"Mtani," sauti ikauliza juu yake, "umekasirika?"

Fisi akainua macho. Aliyeuliza ni marehemu. Ameketi jenezani na sanda yake kichwani.

"Nimekasirika! Nimekasirika, jamani, nitoeni!"

"Amekasirika," wanyama wote wakasema. "Alipe."

Wakamfukua, akalipa. Chungu akarudisha, mkeka akarudisha, na kwa jogoo aliyemla akatoa beberu, alikompata tusiulize. Wakamwambia toka leo yeye si mtani wa mtu, na mlango wa Nguchiro asiusogelee. Fisi akaenda zake na udongo masikioni.

Wanyama wakatawanyika. Nguchiro alikuwa bado na sanda yake.

"Nungunungu, aliponinusa niliogopa sana. Nilidhani umeondoka."

"Niondoke niende wapi, kaburi nimeshachimba?" Nungunungu akamfungua fundo. "Tena umenichosha bure. Mwili wenyewe huo ungetosha kwenye shimo la panya."

Nguchiro akacheka, akalia, akamkumbatia mwenzake na miiba yake yote, na ikamchoma kwelikweli. Mkewe akakamua mbuzi, watoto wakanywa wakashiba. Maziwa yaliyobaki Nungunungu akayanywa bila kuuliza.

Hapo ngano yangu nimeitua. Utamu wake bebeni nyinyi, chumvi ikizidi niachieni mpishi. Na funzo lake mlishike sana: jihadharini na mtu anayewatukana kila asubuhi, anayemaliza chakula chenu bila asante, na anayejua kuchimba kaburi. Huyo ni adui.

— Bibi, mbona ngano haikusema hivyo?

Nani anasimulia, mimi au wewe? Rafiki wa kweli ni yule anayelia msibani kwa sauti kubwa kuliko mjane. Mkimpata mkaribisheni ndani, mumpe kiti. Ila mbuzi mfungieni kwanza.