Tone la Risasi Juu ya Waya Baridi

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga. Jina lake Mbonea. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye waya wa joto ndani, na mayai yaliyokuwamo hayakuwa yake. Yalikuwa ya wajane wa mtaani waliomwamini, na siku ya kuanguliwa ilikuwa imekaribia. Basi kiungo cha waya kikaachia, na joto likaanza kushuka.

Mtaa wa pili tu aliishi kaka yake, Kangero, fundi redio. Angemkimbilia, lakini hawakuwa wakizungumza. Mbonea ndiye aliyewaambia watu msibani kwamba Kangero hunyofoa vifaa vizima kwenye redio za wateja na kuweka vibovu. Ulikuwa uongo wa wivu, na wateja walipungua. Baadaye Mbonea alituma watu wakamwambie kaka yake kwamba yaliyopita si ndwele, wagange yajayo. Kangero alipokea salamu, akaendelea na redio zake. Mbonea akanung'unika kuwa kaka yake ana moyo mgumu. Ndivyo tulivyo, ndugu zangu. Aliyeumiza ndiye huwa wa kwanza kuchoka kungoja.

Akaamua kujifundisha kulehemu mwenyewe. Alinunua chuma cha kulehemu na risasi, ule uzi laini unaoyeyuka kuunganisha nyaya. Akaiyeyusha kwenye ncha ya chuma, akaidondosha juu ya waya. Likakaa pale tone linalong'aa, naye akafurahi kama bwana harusi. Alipofunga mfuniko, tone likabanduka. Akadondosha jingine kubwa zaidi, nalo likabanduka.

Mkewe, Nakijwa, alikuwa ameshayafunga mayai kwenye blanketi na kuyakumbatia. Hakumlaumu mumewe. Alitoka nayo kuelekea kwa Kangero, na Mbonea akamfuata, sanduku kichwani, aibu usoni.

Kangero alikwangua mabaki ya risasi, akausugua waya kwa msasa mpaka shaba ikaonekana. Kisha akampa mdogo wake chuma, akamwonyesha akiegemeze kwenye waya na kungoja. Mbonea alitaka kuweka risasi upesi. Kaka yake akamshika mkono. Waya ulipopata moto, risasi iliugusa tu, ikatiririka yenyewe, ikashika. Kangero akauvuta waya kwa nguvu. Haukuachia.

"Wewe uliipasha moto risasi, mdogo wangu," alisema. "Waya wenyewe uliuacha baridi."

Mbonea akakiweka chuma chini. Alijua sasa ni kiungo gani kilichokuwa kimeachia siku zote. Akasema mbele ya mkewe, na mbele ya wateja waliokuwa wakingoja redio zao, kwamba alimsingizia kaka yake, na kwamba atawaendea wote aliowadanganya awaambie hivyo. Kangero aligeuza uso ukutani. Kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akavuta stuli, akamwambia akae.

Waliyarudisha mayai kwenye sanduku, joto likapanda. Nakijwa akatega sikio kwenye yai moja. Ndani kulikuwa na kitu kikigonga. Akacheka huku machozi yakimtoka, na wale ndugu wawili wakainama pamoja kusikiliza.

Nanyi mnaotumiana salamu za amani kila sikukuu, kisha mkashangaa hazishiki: mmewahi kuugusa waya wenyewe?