Somoe na Mchezaji wa Ngoma

Mwenzi wa dungu hachaguliwi ngomani. Jana mlimsikia shangazi yenu akiyasema hayo, mkacheka kwanza, ndipo mkaja kuniuliza yametoka wapi. Basi methali hii mwanzo wake ni huu.

Zamani, huku kwetu bonde la Rufiji, mpunga ukishatoa masuke watu walihamia mashambani kuamia ndege wasiule. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, kibanda juu ya nguzo ndefu, upana wake mkeka mmoja na kichungu kidogo. Mume na mke walipanda humo wakakaa miezi miwili, wakipiga kelele na kuvurumisha udongo kwa kombeo. Ilikuwa raha, sitawaficha. Upepo mzuri, mpunga unanukia, na hakuna mawifi. Ila basi, hakuna mtu mwingine yeyote. Ni wewe na uliyemchagua.

Somoe alimchagua Mtupa. Mtupa alikuwa akiingia uwanja wa ngoma, hata wazee wenye magoti mabovu husimama. Bibi yake Somoe alimuuliza, "Mke mwenzangu, huyo bwana akikaa chini huwa anasema nini?" Somoe akacheka, akajibu kwamba hajawahi kumwona amekaa chini. Wakaoana.

Siku tatu za kwanza dunguni zilikwenda vizuri. Ya nne, Somoe alisema jua leo kali. Mtupa akasema ndiyo. Ya tano, Mtupa alisema jua leo kali. Baada ya hapo wakamaliza maneno.

Dungu la jirani walikaa mzee Njechele na mkewe, vikongwe ambao kwa meno yao wote wawili usingejaza kiganja. Wale walikuwa wakicheka kutwa. Kicheko kilikatiza juu ya mpunga kikamfikia Somoe, kikamchoma kuliko jua. Kila siku alijiuliza wanacheka nini. Mwisho akamuuliza mumewe kwa nini hamsemeshi.

"Niseme nini?" Mtupa akajibu, wala hakuwa na hasira. "Ngoma ikipigwa nacheza. Hapa nani anapiga?"

"Kwa hiyo tutakaa hivi hivi?"

"Na wewe je? Mimi nilikupendea kiuno, Somoe. Tangu tupande humu umekikalia."

Ilikuwa kweli. Wote wawili walichaguana uwanja mmoja, jioni moja. Somoe akageukia upande wake, Mtupa akageukia wake. Ndege wakaja kama wingu. Somoe aliwaona, akasema moyoni, safari hii na apige kelele yeye. Mtupa naye aliwaona, akasema hivyo hivyo. Wale ndege walikula kwa adabu, bila kusumbuliwa, mpaka suke la mwisho.

Baba yake Somoe alipokuja na mtumbwi kuchukua mpunga, alikuta makapi. Akauliza ni nani kati yao aliyelala. Hakuna aliyelala. Wakaachana mwezi ule ule, bila ugomvi, maana hata ugomvi unataka maneno.

Mwaka uliofuata mfinyanzi mmoja mjane, jina lake Mbwera, alikuja kumposa Somoe. Wazee waliulizia ukoo wake. Somoe aliomba jambo moja tu, Mbwera apande dunguni akae naye tangu asubuhi hadi alasiri, bibi awepo kuwalinda. Watu wakanong'ona kwamba talaka imemvuruga akili. Wakapanda. Mbwera akaanza kuwasimulia jinsi chungu chake cha kwanza kilivyopasukia kichwani kwa mama mkwe wake, na mchuzi ukiwamo. Alasiri ikafika, ikapita, bibi akiwa amejishika mbavu. Somoe alipoitwa ashuke, akasema bado, hadithi haijaisha.

Siku ya harusi ngoma ilipigwa, na bwana arusi akaingia uwanjani. Jamani! Mbwera alicheza kama mtu anayekanyaga siafu. Mpiga ngoma alipoteza mdundo kwa kumtazama. Mashoga zake Somoe wakajifunika kanga usoni, na mmoja akamsogelea akamuuliza kwa huruma, "Shoga, kweli umemwacha Mtupa ukamchagua huyu?"

Somoe alikuwa akimtazama mumewe, na tayari alikuwa akicheka.

"Mwenzangu," akasema, "mwenzi wa dungu hachaguliwi ngomani."