Chui Alivyofundishwa Kona

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na mlima.

— Na mteremko?

Na mteremko wake. Palikuwa na baiskeli.

— Na breki?

Breki zilikuwepo, ya mbele na ya nyuma. Tatizo halikuwa breki. Sasa nyamazeni, maana hadithi yenyewe si ya kuchekea, na atakayecheka namrudisha kwao.

Basi, zamani hizo wanyama wa mlimani walikuwa wakishuka sokoni kwa baiskeli. Barabara ilikuwa ya lami, nzuri, ila imepindapinda kama utumbo wa mbuzi. Katikati yake palikuwa na kona moja mbaya. Upande mmoja jabali, upande wa pili korongo, na kwenye ukingo wa korongo mkuyu umeinama. Hapo ndipo alipokaa Chui.

Chui alikuwa na nguvu, na alikuwa na tamaa. Akiwa na njaa, aliua. Akishiba, aliua. Alichoshindwa kula alikitundika juu ya mkuyu kwa kamba ya katani, akakaa chini yake kukitazama. Hata nzi akitua kwenye nyama ile, Chui aliona uchungu kama ameibiwa.

Mwoga akifika konani alishika breki katikati ya kona, baiskeli ikateleza, kwaruu! na Chui huyo juu yake. Anayejua kushuka alipita, vuuu! na Chui akabaki na upepo puani.

Aliyejua kuliko wote alikuwa Bi Pimbi. Mdogo, hana mkia, mjane. Lakini juu ya baiskeli yake ya mashindano, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, wenzake walimwona mgongo tu.

Watoto wake ndio hawakuwa na baiskeli. Siku moja Chui akamkamata mwanawe, Hoza, akamla nusu, nusu akaitundika. Kabla matanga hayajaondolewa akamkamata na Tunu, binti yake wa mwisho. Huyu hakumla. Alimfunga mzimamzima juu ya mkuyu, kisha akaenda mlangoni kwa Pimbi.

"Hodi, Bi Pimbi."

Pimbi hakusema karibu.

"Pole kwa msiba," akasema Chui, akiramba mdomo. "Nina shida, mama. Wenye baiskeli wananipita. Nifundishe kushuka kama wewe, niwafuate hukohuko mteremkoni. Nikishajua, nakurudishia Tunu wako."

"Na nisipokufundisha?"

"Basi nitakuja tena kukupa pole."

Pimbi akalia. Alilia mbele ya muuaji wa mwanawe, kwa sauti, bila aibu. Kisha akafuta macho akauliza, "Baiskeli unayo?"

"Ninayo ya marehemu Swala."

Mafunzo yakaanza kwenye kona ndogondogo za juu. Na jueni hili: Pimbi hakumdanganya hata neno moja. Alimfundisha kama angemfundisha Hoza.

Chui akapanda. Chui akashuka. Vuuu... kwaruu... puu! Kidevu kikachubuka.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Umeshika breki ndani ya kona. Breki hushikwa kabla ya kona, zote mbili, taratibu. Ukishaingia, ziachie. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Analia tu."

Chui akapanda tena. Chui akashuka tena. Vuuu... kwaruu... puu! Bega likachubuka.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Umejikaza kama maiti. Shika usukani chini, kwenye zile pembe. Viwiko vilegee. Mguu wa nje ushuke chini kabisa, ukanyage pedali kwa uzito wako wote. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Ameacha kulia."

Chui akapanda tena. Chui akashuka tena. Vuuu... safari hii kona ikakubali, lakini mbele kulikuwa na jiwe moja tu barabara nzima, na Chui akaligonga lilelile. Puu!

"Nimekosea wapi, mwalimu? Nililiona! Nililikodolea macho nisiligonge, na bado nikaligonga!"

"Ndiyo maana umeligonga," akasema Pimbi. "Baiskeli hufuata macho. Ukitazama jiwe, unakwenda kwenye jiwe. Ukitazama shimo, unakwenda shimoni. Tazama unakotaka kutokea, basi. Hilo usilisahau hata ukisahau jina lako."

"Baiskeli hufuata macho," akarudia Chui. "Baiskeli hufuata macho." Akalisema mpaka akalishika.

Akawa hodari. Hodari kwelikweli. Jioni moja akamfukuza Kuro mwenye pembe ndefu kwenye kona za juu, akamfikia, akamwangusha palepale. Wanyama wakamjia Pimbi wamevimba kwa hasira.

"Unamnoa anayetumaliza!" akafoka Ngedere. "Damu ya Kuro iko mikononi mwako, Bi Pimbi!"

"Najua," akasema Pimbi. Kuro alikuwa jirani yake, na yeye ndiye aliyemfundisha Chui zile kona.

Kesho yake akamwendea Chui.

"Imebaki kona kubwa tu, ya mkuyu. Ukiiweza hiyo, sina tena cha kukufundisha. Lakini kwanza niruhusu nimpelekee Tunu chakula. Nimemwona kwa mbali, amekonda."

Neno hilo lilimwingia Chui tumboni. "Amekonda? Haifai! Mlishe, mwalimu. Mlishe sana."

Pimbi akaparamia mkuyu na fungu la majani mdomoni. Chui akakaa chini akitazama juu. Na kule juu Pimbi akaona kamba ya Tunu, na pembeni yake kamba nyingine, mpya, imefungwa kitanzi, haina mtu. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani.

Akawa anamlisha binti yake kwa mkono mmoja, huku, nyuma ya lile fungu la majani, meno yake yakitafuna kamba ya nyama iliyotundikwa kando. Kre, kre, kre. Akaiacha imebaki uzi.

"Tunu," akanong'ona, "kesho nikipiga mluzi, isukume hii nyama kwa miguu yako yote miwili. Iende korongoni."

Tunu akatazama ile nyama. "Mama, huyu ni kaka."

"Najua, mwanangu."

"Nimsukume kaka?"

"Msukume. Hutamuumiza tena."

Asubuhi Chui akapanda juu kabisa ya mlima. Pimbi akasimama kwenye kona kubwa, upande wa jabali. Wanyama wakajificha vichakani. Walikuja kuona mwisho wao.

Chui akashuka. Vuuu! Mikono chini kwenye pembe. Vuuu! Viwiko vimelegea. Kona ya kwanza, breki kabla, akaachia, akapita. Kona ya pili, akapita. Jamani, alikuwa anapendeza! Hata Ngedere alisahau kuogopa. Chui alishuka akiimba, "Baiskeli hufuata macho! Baiskeli hufuata macho!"

Akafika kona kubwa. Akashika breki kabla ya kona. Akaachia. Mguu wa nje ukashuka. Macho yake yakatazama mbele, anakotaka kutokea, kama alivyofundishwa.

Fiii! Pimbi akapiga mluzi.

Kule juu Tunu akafumba macho, akasukuma.

Uzi ukakatika, pa! Nyama ikakwama kidogo kwenye tawi, kisha ikaanza kuporomoka kuelekea korongoni.

"Nyama yangu!" akapiga kelele Chui.

Akaitazama.

Baiskeli ikafuata.

Haikusikika kwaruu. Haikusikika puu. Kulikuwa kimya, kimya kirefu, halafu chini kabisa, sauti ndogo ya chuma. Gurudumu moja liliendelea kuzunguka, tiki, tiki, tiki.

Pimbi akasogea mpaka ukingoni. Kutoka chini ikapanda sauti, nyembamba, ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Hujakosea popote," akajibu Pimbi. "Umekwenda ulikotazama."

Sauti haikupanda tena. Na gurudumu likasimama.

Wanyama wakatoka vichakani wakicheza na kupiga vigelegele. Pimbi hakucheza. Alipanda mkuyu, akamfungua binti yake, akamweka mgongoni, akatembea kwa miguu hadi nyumbani, na baiskeli yake akaiacha palepale imeegemea jabali. Walipofika mlangoni ndipo Tunu akasema, "Mama, nimemsukuma kaka."

"Tumemsukuma sote wawili," akasema Pimbi, wakakaa chini wakalia mpaka jua likazama.

Na tangu siku hiyo wanyama humsifu Pimbi kuwa mwalimu bora mlima mzima. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwomba amfundishe.

Mnataka funzo? Haya, chukueni funzo. Mwanafunzi mwema humsikiliza mwalimu wake kila neno, naye hufika mbali. Chui alisikiliza kila neno, akafika mbali kuliko wote, na mpaka leo hajarudi. Kwa hiyo nanyi wasikilizeni sana walimu wenu, hasa kama mmewala watoto wao.

Hadithi yangu imeshuka mpaka chini, imeegeshwa. Anayeitaka na aifuate.

— Tuifuate?

Haya, fuateni. Lakini kwanza niambieni: mnatazama wapi?