Uji wa Buluu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kufua kama sisi, maradhi ya kuhara yaliingia kijijini kwao. Kila nyumba ilikuwa mbio chooni, mbio chooni! Bi Kwale tu na wanawe ndio walikuwa wazima.

"Basi mchawi ni yeye," alisema Jumbe Kifaru. "Kesho asubuhi ahame."

Bi Kwale alilia sana. Jirani yake Pimbi, mnyama mdogo asiyefika hata gotini pa Jumbe, alimwendea.

"Dada, maji ya kunywa unachota wapi?"

"Nakinga ya mvua, mdogo wangu. Kisimani wakubwa wananikanyaga."

"Ehee!" Pimbi akatazama kisima. Kisha akatazama choo kipya cha Jumbe, kilichochimbwa mlimani, juu kidogo ya kisima hicho. Amwambie Jumbe choo chake kinaua? Thubutu! Angechomwa pembe.

Akachukua buluu ya kufulia nguo nyeupe, akaikoroga kwenye ndoo, akaenda kwa Jumbe.

"Shikamoo, Jumbe. Nimeleta dawa ya kumfichua mchawi. Ila humwagwa kwenye choo cha mkubwa. Kwenye cha mdogo haifanyi kazi."

"Marahaba! Hapo umesema kweli. Lete!"

Kifaru akaimwaga mwenyewe, bwaaa!

Asubuhi wote walikusanyika kumfukuza Bi Kwale. Mara Mama Nyumbu akaja mbio na sufuria.

"Jamani! Uji wangu!"

Uji ulikuwa wa buluu. Maji ya Nyati yalikuwa ya buluu. Midomo ya Jumbe nayo, buluu tupu! Wakaenda kuchungulia mtungi wa Bi Kwale. Maji yake yalikuwa meupe pe.

"Jumbe," aliuliza Pimbi kwa upole, "ile dawa uliimwaga wapi?"

"Chooni kwangu."

"Na maji ya uji yamechotwa wapi?"

"Kisi..." Kifaru akajifuta midomo haraka.

"Uwii!" alilia Nyati. "Kumbe siku zote tumekuwa tukinywa..."

"Usimalizie!" wakapiga kelele wote.

Siku hiyo hiyo Kifaru alifukia choo chake, akachimba kingine bondeni, mbali na maji. Kisima kikakaushwa na kusafishwa, na maji yakawa yanachemshwa. Kuhara kukakoma. Bi Kwale hakuhama.

Wanangu, mtu akiugua, ulizeni kwanza amekunywa nini, kabla ya kuuliza nani amemroga.