Mitungi Iliyotoa Chumvi

Uongo waweza kuvaa suti, ukaketi kiti cha mbele na kuitwa bwana. Ukweli ukibisha hodi, wenye uongo huanza kutafuta mlango wa uani. Wahenga waliliona hilo zamani.

Wakili Tak Yeonhui aliingia mahakama ya rufani ya Daejeon, Korea, akiwa amefura kwa hasira. Kampuni moja ya Seoul ilikuwa imejipatia hataza, haki ya mvumbuzi, kwa "mtungi unaopumua", yaani ambao kuta zake hupitisha hewa na kutoa chumvi nje. Mitungi hiyohiyo mteja wake, Bi Ki Malsun, aliifinyanga kama bibi zake, kwa udongo na kipako cha majivu. Sasa akiuza hata mmoja, aitwe mwizi!

Kesi ya kwanza walishindwa kwa kosa la Yeonhui mwenyewe. Alisema mitungi mingi ya kale hupumua, hakusema yote. Sheria ilitaka sifa iliyo katika asili ya kitu, isiyokosekana hata mara moja. Kosa hilo lilimkereketa maini.

Wakili wa kampuni, Seon Giho, aliweka mezani mtungi mkuukuu unaong'aa.

"Tumeujaza maji ya chumvi msimu mzima. Nje mkavu! Kupumua ni uvumbuzi wetu."

Malsun aliruka. "Wee kijana! Huo umepakwa madini ya risasi! Kwani mama yako hakuwahi kukutuma kupangusa mitungi?"

"Keti, mama. Hapa hatutengenezi achari ya kimchi," Seon alicheka.

Kicheko hicho kilimpandisha Yeonhui mori. "Waheshimiwa, risasi ilikuja karne iliyopita tu, nayo huziba kila kitundu. Teueni mtaalamu wenu. Afinyange mitungi kwa njia ya kale, achome, ajaze maji ya chumvi. Mmoja tu usipopumua, tumeshindwa!"

"Mwanangu, umetuuza," Malsun alinong'ona.

Kesi iliporejea, mitungi ya mtaalamu ilipangwa mbele ya majaji. Kila mmoja ulikuwa umetoa ukoko mweupe wa chumvi tumboni, ule ambao akina mama wa huko huupangusa kila asubuhi. Yeonhui aliugusa mmoja, akamnyooshea Seon kidole.

"Lamba! Lamba uvumbuzi wenu!"

Jaji kiongozi alimkaripia, kisha akaifuta hataza. Seon aligeuka kuwatafuta wakurugenzi wa kampuni. Viti vyao vilikuwa vitupu. Nje, meneja wao alikuwa akiwaapia waandishi wa habari kwamba hoja zile zilikuwa za wakili wao peke yake.

"Hata kuomba radhi hawakuomba!" Yeonhui alifoka.

"Waache waende," Malsun alisema.

Hakika, ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga.