Kichembe na Mdudu wa Jipu Aliyechagua Kitoweo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona sauti za njaa? Nimesema paukwa!"

"Pakawa, bibi! Tupakulie!"

Haya. Bi Mwanakheri wa Pongwe aliota jipu pajani, jipu kubwa, hata kukaa hawezi. Ndani ya jipu aliishi Mdudu wa Jipu, mlafi asiye na haya. Alikula nyama, hakushiba. Akatoboa mfupa, to! to! to!, mpaka ndani kwenye uboho, kule damu inakozaliwa. Akamkuta nani? Kichembe, chembe changa ya damu, mdogo, hata kazi yake hajaijua.

"Leo nakula wewe!"

Kichembe akawaza haraka. Akiliwa yeye, nani atazaa askari wa damu? Bi Mwanakheri kwisha!

"Shikamoo, bwana mkubwa. Sijafaa bado. Huku kwetu kila mtoto huchagua kazi, ndipo anakua, na akishachagua harudi nyuma. Hebu nichagulie wewe, nikue unavyopenda."

Mdudu akameza mate, gubu! "Ziko kazi gani?"

"Ya kutupa mishale. Ila mishale itakukwama kooni."

"Sitaki!"

"Ya uaskari. Hao husomea kifuani, kwenye tezi iliyo juu ya moyo, na wengi hufeli wakafia huko huko. Utangoja sana."

"Sitaki! Njaa inaniuma!"

"Basi imebaki ya Babu Mlaji. Huyo mnene, tumbo hiliii!"

"Huyo huyo! Haraka!"

Kichembe akajigawa, pasu! Wakawa wawili. Mmoja akabaki vile vile, mdogo, wa kuzaa wengine. Wa pili, ndiye Babu Mlaji, akaanza kuvimba, fu! fu! fu!

"Tayari?"

"Bado kidogo, bwana." Fu! fu! fu!

"Tayari?"

"Bado kidogo, bwana." Fu! fu! fu!

"Tayari?"

"Tayari. Sogea."

Mdudu akasogea, mdomo wazi. Babu Mlaji akamkumbatia, ghubu! Akammeza.

Mdudu akalia tumboni: "Mwongo wewe! Ulisema utanenepa, nikule!"

"Si nimenenepa? Hukuuliza watu wa kazi hii hunenepa kwa kula nini."

Jipu likanywea. Bi Mwanakheri akaenda kuwatambia majirani kwamba aliponywa na majani aliyobandika juu ya jipu. Majani! Jamani!

Funzo lenu hili hapa: mtoto akiulizwa akikua atakuwa nani, ajibu kwa adabu. Na mkubwa aliyeuliza, asimsogelee. Ngano yangu imeishia mfupani. Anayetaka zaidi ajitafunie mwenyewe.